Zamu isiyokwisha: uchambuzi wa kisa cha muuguzi mpya aliyekosa usingizi

Kisa hiki kinawahusu zaidi matroni na mapatroni, mainchaji wa wodi, na wote wanaopokea waajiriwa wapya hospitalini. Mhusika amekisoma chote na ameridhia kitolewe. Jina lake, mkoa anakotoka, miezi na mambo kadhaa ya familia yake yameondolewa au kubadilishwa, na hospitali haitajwi. Nitamwita M. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na nilihusika tangu siku alipoletwa kwangu.

Nimekichagua kwa sababu mtu akianza kukosa usingizi baada ya kuingia kazini, sote hukimbilia kitandani kwake. Analala saa ngapi? Anakunywa nini? Simu anaizima? Hayo yana nafasi yake. Lakini usingizi wa M. uliharibikia wodini, saa mbili asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, na mpaka tulipopagusa pale hakupata nafuu ya kweli.

Usuli

M. ni muuguzi wa ngazi ya stashahada, bado hajafika miaka 30. Alijitolea kwa muda katika kituo cha afya kijijini kabla ya kupata ajira hii, kwa hiyo uuguzi haukuwa mgeni kwake. Kilichokuwa kigeni ni ukubwa wa wodi. Alipangwa wodi ya watoto katika hospitali moja jijini Tanga, mvua za masika zikiwa zinaishia, kipindi ambacho malaria kali na upungufu wa damu hujaza vitanda mpaka watoto wawili wakalazwa pamoja. Usiku wodi ilikuwa na wauguzi wawili, mhudumu wa afya mmoja, na daktari wa zamu ambaye anahudumia na wodi nyingine.

Kwa asiyewahi kufanya kazi na watoto, ni vizuri aelewe jambo moja. Kwa mtoto karibu kila dawa hupigiwa hesabu kwa uzito wake. Sindano ya artesunate kwa malaria kali, kwa mfano: mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na aliyefika kilo 20 na kuendelea hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Huchomwa anapopokelewa, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24. Mtoto aliyeingia saa tano usiku dozi yake ya pili ni saa tano asubuhi, na wakati huo muuguzi aliyemchoma ya kwanza yuko nyumbani. Dozi inavuka zamu. Anayeondoka anaiacha mikononi mwa mwenzake, na hana njia ya kujua kama imetolewa isipokuwa kwa jinsi walivyokabidhiana.

Nyumbani M. alipanga chumba kimoja mtaa wa Makorora, katika nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, uani nyuma, na bati juu. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la gesi, ndoo mbili za maji na kabati la nguo la turubai. Hakuwa na ndugu Tanga. Aliyekuwa karibu naye ni mama mwenye nyumba, mtu mzima anayeishi chumba cha mbele.

Yaliyotokea

Waajiriwa wapya wa wodi ile walitakiwa kufanya zamu za mchana kwa mwezi mzima chini ya muuguzi mzoefu. Kwa M. mwezi ukawa wiki mbili, kwa kuwa mwenzao mmoja aliingia likizo ya uzazi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Akapangiwa usiku tano mfululizo, saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi.

Makabidhiano ya asubuhi yalifanyika mezani. Anayetoka anasoma kitabu cha ripoti akiwa amesimama, anayeingia anasikiliza huku anapanga trei ya dawa, akina mama wanauliza uji, madaktari wanaanza kuingia kwa raundi. Usiku wa tatu M. alimpokea mtoto wa malaria kali saa tano na kumchoma dozi ya kwanza. Ya pili aliiandika kwenye kitabu cha ripoti na aliitamka mezani, ila kwenye chati ya dawa ya mtoto hakuiandikia saa. Wodi siku hiyo ilikuwa imefurika. Dozi ikatolewa saa tisa alasiri, imechelewa saa nne.

Mtoto alipona na kuruhusiwa. Kesho yake asubuhi inchaji alilitoa jambo lile mbele ya wauguzi, wanafunzi na baadhi ya akina mama, akamuuliza M., "Wewe ulisomea wapi?" Hakukuwa na barua wala onyo la maandishi. Lilikuwa swali hilo tu, na ripoti ikaendelea.

Kuanzia hapo, hata siku za ofu, M. alikuwa analala saa nne usiku na kushtuka saa nane, moyo unaenda mbio, kifua kimebana. Akaanza kupiga simu wodini. "Kitanda namba saba alipata ile ya saa tano?" Siku za mwanzo wenzake walinyanyuka wakaangalia chati na kumjibu. Baadaye mmoja wao akawa anamjibu hapohapo, "Kapata, lala." M. aliniambia kwamba jibu lile lilimzidishia hofu, kwa sababu lilikuja upesi mno. Alijua kutoka mezani hadi kitanda namba saba ni hatua ngapi, na mwenzake alikuwa hajazitembea.

Yaliyofuata ni yale ambayo mtu aliyechoka huyafanya kwa nia njema. Alianza kupanda kitandani saa mbili usiku ili "afidie", akawa anakaa kitandani saa kumi na kulala nne au tano zilizokatikakatika. Alinunua klorofenamini, ambayo wengi wetu tunaiita Piriton, duka la dawa la mtaani: kidonge kimoja, kisha viwili. Mwenzake mmoja akamgawia diazepam chache, vidonge vya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi. Zamuni akawa anajisukuma kwa kahawa chungu na vinywaji vya kuongeza nguvu mpaka karibu na alfajiri.

Mtaani nako maneno yakaanza. Binti mzima analala mpaka saa saba mchana, usiku anatembeatembea chumbani. Mama mwenye nyumba alimwonea huruma, akamwita pembeni: "Mwanangu, saa nane ya usiku si saa ya mtu kuamka bure. Umechezewa." Sasa M. akawa anaiogopa hata saa yenyewe.

Wiki ya saba tangu lile swali, saa kumi na nusu alfajiri, M. alivuta dawa ya mtoto wa kilo 8 na nusu kwa hesabu ya kilo 18 na nusu. Mwenzake, yuleyule wa "kapata, lala", aliitazama sindano na kuuliza, "Huyu ni wa kilo ngapi?" Dawa haikumfikia mtoto. Zamu ilipoisha alimshika M. mkono wakaja hadi ofisini kwangu, wote wawili bado na sare.

Tulichokikuta

Kwanza tuliondoa mengine. Daktari alimpima damu, ujauzito, malaria na tezi. Hakukuwa na kitu. Nilimuuliza waziwazi kuhusu huzuni, kukata tamaa na mawazo ya kujidhuru. Alikuwa amechoka na anajiona hafai kazi, lakini alikuwa bado anakula, anacheka na wenzake, anampigia mama yake kila Jumapili, na mawazo ya kujidhuru hakuwa nayo. Kwenye dodoso la ukali wa kukosa usingizi, lenye maswali 7 na alama kuanzia 0 hadi 28, aliangukia kundi la kati, lile la 15 hadi 21. Nilimpa daftari la kuandika kila asubuhi: amepanda kitandani saa ngapi, ameshtuka mara ngapi, ameamka saa ngapi, amekunywa nini.

Swali lililonipa mwanga halimo kwenye dodoso. Nilimuuliza, ukishtuka saa nane, kitu cha kwanza kukujia ni nini? Akasema, "Naona chati, dada. Kisanduku cha sahihi kiko tupu." Ni kile ambacho muuguzi hutia sahihi akishatoa dozi.

Sikuuelewa uzito wake siku ileile. Nilichokiona mapema ni kwamba bado kulikuwa na muda. Kukosa usingizi huhesabiwa kuwa sugu kukitokea usiku usiopungua mitatu kwa wiki kwa miezi mitatu. M. alikuwa na wiki saba.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza: ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini kwa ugonjwa, au zamu ya mchana. Daktari alikuwa tayari kumwandikia ED ya wiki mbili. M. mwenyewe aliikataa, na baada ya kumsikiliza niliungana naye. Alikuwa kwenye kipindi cha majaribio ya ajira na alihofia kuonekana mgonjwa. La muhimu zaidi ni kwamba hofu yake ilihusu wodi. Kukaa chumbani peke yake kwa wiki mbili, bila kuiona wodi, kungempa saa nyingi zaidi za kuiwazia. Tulikubaliana neno kwa neno matroni aambiwe nini: kwamba kwa sababu za kiafya anahitaji zamu za mchana kwa wiki nne, na kwamba hesabu zake za dawa zithibitishwe na muuguzi wa pili. Basi. Kosa lililozuiwa kabla ya kumfikia mtoto lilijaziwa fomu ya tukio na mwenzake kama utaratibu unavyotaka, mbali kabisa na faili lake la matibabu. Usalama wa mtoto hauna mjadala, lakini mtu akijua kwamba kuomba msaada kunaishia kwenye faili la ajira, hataomba tena.

Uamuzi wa pili: dawa. Diazepam ziliachwa siku hiyohiyo, kwa kuwa alikuwa ametumia chache tu. Aliyezitumia kwa wiki nyingi haachi ghafla. Hupunguza chini ya uangalizi wa daktari. Klorofenamini alipunguza kwa wiki moja kisha akaacha. Wengi huiona dawa nyepesi kwa sababu ni ya mafua na mzio, lakini hukaa mwilini muda mrefu. Mtu aliyeimeza saa nne usiku anapiga hesabu za dozi asubuhi na sehemu kubwa yake bado imo kwenye damu. Kahawa nayo, nusu yake huwa bado haijatoka baada ya saa kama 5, kwa hiyo ile ya saa kumi alfajiri ilikuwa inamsubiri kitandani asubuhi.

Uamuzi wa tatu: kitanda. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelekezo yaliyomo vitabuni yameandikwa kwa ajili ya nyumba zenye sebule. Kanuni iliyoanzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani Richard Bootzin mwaka 1972 ni nyepesi: kitanda kiwe cha kulala tu, usingizi usipokuja, toka, nenda chumba kingine, rudi ukisinzia. M. hana chumba kingine. Kitanda chake ndicho kiti, ndiyo meza ya kulia, ndipo anapokunja nguo na kupigia simu nyumbani. Kutoka uani saa nane usiku peke yake hakukuwa salama, na akitoka ndani ya chandarua, mbu wa Tanga wanamngoja.

Tukakaa tukapanga upya. Alitandika mkeka kwenye ile nafasi kati ya kabati na mlango, ukawa ndio sebule. Kula, kuongea na simu, kusuka nywele, vyote vikahamia mkekani, mchana na usiku. Usiku akishtuka na usingizi usirudi kwa muda wa kama robo saa, bila kuangalia saa, alivaa dera la mikono mirefu na soksi, akashuka mkekani, akawasha taa ndogo ya kuchaji na kuchambua mchele kwenye ungo. Kazi ya kuchambua mchele haina mwisho wa haraka, mikono inashughulika, macho yanachoka, na haiulizi chochote. Macho yakianza kufumba alirudi ndani ya chandarua. Mchele uliochambuliwa aliupika Jumapili na kumpelekea mama mwenye nyumba sahani yake.

Sambamba na hilo tulibana muda wa kitandani. Daftari lilionyesha analala kama saa tano, kwa hiyo badala ya saa kumi za kujigeuzageuza tulimpa sita: saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, adhana ya msikiti wa jirani ikiwa ndiyo ya kumwamsha, hata kama amelala vibaya. Njia hii humfanya mtu asinzie zaidi siku za mwanzo. Ndiyo maana ilianza akiwa mchana tu na yupo wa kuthibitisha hesabu zake. Simshauri yeyote kuianza kwa mtu ambaye usiku huohuo atakuwa peke yake na trei ya dawa.

Mama mwenye nyumba aliomba amfanyie kisomo. M. alitaka, nami sikuona sababu ya kusimama kati. Niliomba mawili: asinywe dawa yoyote isiyojulikana, na ufukizo usifanyiwe chumbani mlango ukiwa umefungwa. Kilifanyika jioni moja, watu watano sita, dua na kahawa. Kilimpunguzia hofu ya ile saa nane. Na kuanzia siku ile mama mwenye nyumba aliichukua hali ya M. kuwa jukumu lake. Watoto waliokuwa wanacheza mpira uani mchana walihamishiwa barabarani.

Nafuu ya nusu

Baada ya wiki tatu alikuwa anapata usingizi haraka, na mchana hasinzii tena. Ila saa nane alikuwa bado anashtuka, si kila siku, bali siku zile tu alizotoka kazini akiwa ameacha dozi zinazovuka zamu. Daftari lilionyesha hivyo waziwazi. Siku za ofu na siku za wodi tulivu alilala mpaka adhana.

Hapo ndipo maneno yake ya mwanzo yalinirudia: kisanduku cha sahihi kiko tupu. Alichokuwa anakiona saa nane usiku kilikuwa kweli. Alipoondoka wodini kisanduku kile kilikuwa tupu, na hakukuwa na mtu aliyekipokea kwa namna ambayo angeweza kuiamini. Zamu yake ilikuwa haijaisha. Mchele usingeweza kuimaliza.

Tulikwenda kwa matroni watu watatu: M., mwenzake, na mimi. Hatukwenda kumshtaki inchaji. Tuliomba jambo moja, kwamba makabidhiano yahamie kutoka mezani kwenda kitandani kwa mtoto. Wauguzi wawili wanatembea kitanda hadi kitanda na chati. Kila dozi inayovuka zamu inazungushiwa duara, saa yake inaandikwa kwenye chati, anayepokea anairudia kwa sauti ("kitanda saba, artesunate ya pili, saa tano asubuhi") na kuweka herufi za jina lake pembeni. Mama wa mtoto anasikia pia, na kina mama, mkiwaambia saa, hawasahau.

Inchaji alipinga mwanzoni. Hoja yake ilikuwa muda, na haikuwa hoja ya uongo: makabidhiano yalirefuka kwa kama dakika kumi. Alikubali kujaribu wiki moja. Katika wiki hiyo yeye mwenyewe alikuta dripu mbili zilizoisha bila mtu kujua, jambo ambalo mezani lisingeonekana, na hakurudi tena kwenye meza.

Kwa M. tuliongeza kitu kidogo. Kabla ya kuvua sare aliandika mistari mitatu kwenye daftari linalobaki wodini: nilichokifanya, nilichokiacha, niliyemwachia. Akikumbuka jambo akiwa bado hajatoka getini, anarudi au anapiga simu mara moja. Akishavuka geti, hapigi tena.

Simu za usiku zilikwisha ndani ya wiki mbili. Kushtuka saa nane kulipungua mpaka kukawa mara moja moja. Alama za dodoso zilishuka hadi kundi la dalili ndogo, lile la 8 hadi 14, na miezi mitatu baadaye zilikuwa chini ya 8.

Kurudi usiku

Alirudi zamu za usiku kwa awamu, miwili miwili badala ya mitano mfululizo. Kahawa mwisho saa sita usiku. Kati ya saa nane na saa tisa alilala dakika 20 hadi 30 mwenzake akiwa macho, kisha wakabadilishana, kwa ruhusa ya matroni. Dawa za saa kumi hadi kumi na moja zilitayarishwa na watu wawili, kwa kuwa saa hizo joto la mwili liko chini kabisa na akili nayo iko chini.

Usingizi wa mchana ulitushinda kwa muda. Alifunika dirisha kwa kanga mbili nzito, giza likapatikana, upepo ukakosekana. Ilipofika saa tano asubuhi bati lilikuwa limewaka na chumba hakikaliki. Tulihangaika na feni, tukahangaika na maji sakafuni. Kilichosaidia ni kuacha kulazimisha usingizi mmoja mrefu. Alilala asubuhi hadi saa sita, akaamka, akala, akakaa kibarazani na wenzake, kisha akalala tena saa kumi na nusu jioni hadi karibu na magharibi. Bado ni pungufu kuliko usiku wa kawaida. Ni bora kuliko saa sita za kutokwa jasho.

Uchambuzi

Mwanasaikolojia Arthur Spielman, katika miaka ya 1980, aligawa mambo ya kukosa usingizi katika mafungu matatu: yanayomweka mtu karibu na tatizo, yanayolianzisha, na yanayoliendeleza baada ya chanzo kupita. Kwa M. la kwanza lilikuwa tabia yake ya kuhakikisha mambo mara mbili, tabia ambayo ndiyo inayomfanya awe muuguzi mzuri. Lililoanzisha ni dozi iliyochelewa na lile swali la mbele za watu. Yaliyoendeleza tungeweza kusema ni kulala mapema mno, vidonge na kahawa, na tungekuwa sahihi kwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba chanzo hakikuwa kimepita. Kilijirudia kila asubuhi saa mbili.

Hapa ndipo naona kazi za kitandani peke yake zinaweza kumdhulumu mtu. Kila mmoja wetu huamka kidogo usiku, hasa baada ya saa nane, kwa sababu usingizi mzito mwingi huwa umeshapita katika saa za mwanzo. Wengi hatukumbuki, tunageuka tu. Tofauti ni kile akili inachokikuta ikiamka. Mtu anayekuta jambo la kweli lisilokamilika ana haki ya kushtuka, na kumfundisha kupumua taratibu bila kulikamilisha jambo lile ni kumwambia kwamba tatizo ni yeye.

Kuhusu hatari kwa mgonjwa, mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka kama wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Mwaka 2004 utafiti wa Christopher Landrigan na wenzake, hospitalini Boston, ulikuta madaktari wapya waliokuwa kwenye ratiba ya zamu ndefu walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi kuliko walipopangiwa ratiba iliyopunguzwa. Wale walikuwa vijana waliofaulu vizuri, na hakuna aliyewauliza walisomea wapi. Sindano ya kilo 18 na nusu ilivutwa na mtu aliyekuwa amelala vibaya wiki saba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku na inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Sasa tupige hesabu: zamu ya saa 12 na mapumziko ya saa 12 vinajaza siku nzima. Hakuna dakika hata moja ya kukabidhiana. M. alikuwa anatoka saa tatu na kurudi saa mbili usiku. Mapumziko yake yalikuwa saa 11, na humo kuna safari, kufua, kupika na bati. Makabidhiano mazuri tuliyoyaleta yanachukua muda mrefu zaidi, na tusipopunguza mfululizo wa usiku tunakuwa tumeponya jambo moja na kuumiza lingine. Kupanga usiku miwili miwili kulipunguza madhara. Hesabu yenyewe bado imebana.

Mwenzake M. anastahili kutajwa. Yeye ndiye aliyejibu "kapata, lala", na yeye ndiye aliyeuliza kilo. Aliniambia alikuwa anajibu haraka kwa kuamini kwamba anamtuliza. Wauguzi wengi wangefanya vilevile. Kumtuliza mtu na kumpa uhakika ni kazi mbili, na saa nane usiku M. alihitaji ya pili: mtu anyanyuke, aende kitandani, arudi na jibu.

Kilichoshindikana ni karipio la hadharani. Inchaji alikubali kwamba makosa yazungumzwe ofisini, na kwa sehemu kubwa ametimiza, lakini M. hajawahi kuambiwa neno lolote kuhusu asubuhi ile. Sikulazimisha. Bado nadhani neno moja lingemfaa zaidi kuliko wiki kadhaa za mkekani. Vilevile mafunzo ya mwanzo yanaendelea kukatwa kila mtu anapokosekana kwenye rosta. Katika miezi hiyohiyo waajiriwa wapya wengine wawili walikuja kwangu na hadithi inayofanana, mmoja akitokea wodi ya wazazi.

Hali ilivyo sasa

M. amethibitishwa kazini. Anafanya zamu zote, ikiwemo ya usiku, na mtoto akifariki mikononi mwake hulala vibaya siku mbili tatu, kama wengi wetu. Makabidhiano ya kitandani yanafuatwa wodi ya watoto siku za kazi. Mwisho wa wiki, watu wakiwa wachache, yanarudi mezani mara nyingine, na siku hizo M. hulazimisha dozi zinazovuka zamu zipokewe kitandani hata kama mengine yamesomwa kwenye kitabu. Matroni ameafiki utaratibu huo uanze na wodi ya wazazi. Ombi letu kwamba mwajiriwa mpya asipangiwe usiku kabla ya kumaliza mwezi wa uangalizi, hata wodi ikipungukiwa na mtu, liko kwenye uongozi, na tumeliambatanisha na nakala ya rosta ya miezi mitatu iliyopita, tukiwa tumezungushia duara kila jina jipya lililopelekwa usiku kabla ya wakati.